Mjadala: Ni haki mgonjwa apangiwe dawa kwa kura?

Mwana Ujiji (mleta mada): Msimamo wangu ni kwamba tukitaka kujua dawa ipi kati ya mbili inatibu vizuri zaidi, wagonjwa wagawanywe kwa kura ya bahati nasibu, ili walio hoi na wenye nafuu wawepo pande zote mbili. Daftari la wodi linapotosha. Mtoto wa malaria kali akiletwa kutoka Uvinza hajitambui, anachomwa sindano. Mwenye homa tu anapewa dawa ya mseto na kurudi nyumbani. Mwisho wa mwaka ukihesabu vifo, sindano itaonekana inaua, kumbe waliochomwa ndio waliofika hoi.

Baba wa Kasulu: Mkuu, watoto wetu si panya wa maabara. Daktari asome miaka yote ile halafu apige kura? Kura ni ya upatu.

Mwana Ujiji: Inapigwa pale ambapo madaktari wenyewe hawajui ipi bora. Hatari zaidi ni wanapodhani wanajua. Tazama utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu, matokeo yakatoka 2011. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali, damu haizunguki vizuri. (Wa kuharisha hawakuwemo, msije mkawanyima maji!) Imani ilikuwa wajazwe dripu haraka. Kura ikawagawa: wengine wakajazwa, wengine wakapewa maji taratibu. Ndani ya saa 48, kwa waliojazwa walikufa kama 10.5%, kwa wengine 7.3%. Tofauti ya watoto watatu katika mia. Daktari gani angeiona kwa macho, wakati wengi wanapona mbele yake?

Kigoma Mjini: Mbona kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba ya Babu, mwaka huohuo watu walishuhudia wamepona?

Mwana Ujiji: Marehemu hatoi ushuhuda, ndugu.

Nesi Nguruka: Hesabu nazikubali, kaka. Swali langu ni ridhaa. Mama kafika saa nane usiku, mtoto ana degedege. Atasoma fomu saa ngapi?

Mwana Ujiji: Hilo ni gumu, dada. Kwenye FEAST, hali ikiwa ya dharura, mzazi aliruhusiwa kukubali kwa mdomo, karatasi akasaini baadaye. Kamati za maadili ziliridhia. Mimi naona inatosha.

Nesi Nguruka: Hainitoshi. Mama mwenye hofu hukubali lolote analoambiwa na aliyevaa koti jeupe. Wazazi waelezwe kliniki, mtoto akiwa mzima, kabla utafiti haujaanza.

Baba wa Kasulu: Hapo sasa nasikiliza. Na anayekataa, atahudumiwa sawa na wengine?

Nesi Nguruka: Lazima. La sivyo hiyo si ridhaa.