Naomba ushauri: mchezaji wangu wa besiboli haukuti mpira

Habari za leo wakuu. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Mabanda ya gemu ya huku ni mpira wa miguu tu, kwa hiyo wa kumuuliza hili sina.

Nacheza MLB The Show, gemu ya besiboli, ile sehemu ya Road to the Show ambapo unatengeneza mchezaji wako na kumkuza toka ligi za chini, Double-A na Triple-A, hadi ligi kuu ya Marekani. Wangu anapiga kwa mkono wa kulia. Nguvu nimempandisha sana, akiukuta mpira sawasawa unavuka ukuta. Shida ni kuukuta! Mrushaji wa mkono wa kulia akileta ule unaokuja kama umenyooka, halafu ukikaribia unakata kwenda nje, jamaa anazungusha gongo hewani. Ikifika mara ya tatu anarudi benchi. Kwa warushaji wa kushoto ana nafuu kubwa.

Sasa nisaidieni. Nisimamishe nguvu, nimuongezee uwezo wa kugusa mpira dhidi ya warushaji wa kulia? Au kwanza ile nidhamu ya kuacha mipira mibaya ipite? Mimi naona nidhamu, ila nataka kusikia waliofika ligi kuu.

Pia kwenye kupiga natumia mtindo wa Zone, kusogeza alama kuufuata mpira kwa kijiti cha kushoto cha pedi. Inafaa kwa anayejifunza, au nihamie Directional, ule wa kuchagua tu upande wa kupeleka mpira? Huyu mchezaji nampenda, sitaki kumfuta nianze upya.