Vitabu vya vita vya majini Pasifiki: jalada jipya, uongo uleule wa dakika tano. Nimechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, kwa hiyo nikikosea herufi mniwie radhi.

Mwezi uliopita binamu yangu alikuwa anarudi likizo kutoka Dubai, nikamwagiza aniletee vitabu vitatu vya vita vya majini kati ya Marekani na Japani, 1941 hadi 1945. Sivitaji majina maana ugonjwa wao ni mmoja. Vimenitoka shilingi 185,000, hela ambayo mama watoto mpaka leo anaamini ilikwenda kwenye betri ya gari. Nimevisoma vyote, jalada hadi jalada. Nimepigwa.

Tuanze na Midway, kisiwa cha katikati ya Pasifiki. Hadithi mnaijua: tarehe 4 Juni 1942, saa nne na dakika ishirini asubuhi, manowari za Kijapani za kubeba ndege zimejaza ndege sitahani, injini zinanguruma, zimebaki dakika tano tu ziruke zikawamalize Wamarekani. Mara ndege za Marekani zinaporomoka kutoka juu, mabomu yanaangukia katikati ya ndege zilizojaa mafuta, na Akagi, Kaga na Soryu zinawaka kwa mpigo. Tamu, eeh? Vitabu vyote vitatu vinayo. Kimoja kimeipa sura nzima na kichwa cha habari kama cha filamu.

Sasa, haikuwa hivyo! Chanzo ni Mitsuo Fuchida, yule rubani aliyeongoza shambulio la Pearl Harbor. Siku ya Midway alikuwa ndani ya Akagi, ndiyo, lakini mgonjwa, ametoka kupasuliwa kidole tumbo. Kitabu chake kilitoka Japani 1951, kikapatikana kwa Kiingereza 1955, na tangu hapo watu wanakinakili tu. Wajapani wenyewe walitoa juzuu ya historia yao rasmi kuhusu Midway mwaka 1971, na haikubaliani naye. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani wakakaa na kumbukumbu za Kijapani za kila ndege iliyopaa na kutua asubuhi ile, wakaivunja hadithi yote hadharani. Halafu leo hii mtu ananiuzia dakika tano kama mkate wa moto.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli wenyewe ni mtamu kuliko huo uongo. Tangu saa moja asubuhi ndege za Marekani zilikuwa zinakuja kwa mafungu mafungu, na mpaka hiyo saa nne na ushee hazikuwa zimeipiga hata manowari moja. Ndege 15 za topido (kombora la chini ya maji) kutoka Hornet, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, zilidunguliwa zote, kati ya watu 30 akabaki mmoja. Lakini kila fungu likija, manowari zinapinda huku na huku kukwepa, na ndege za Zero zinazozilinda zinamaliza risasi. Mizinga mikubwa ya Zero ilibeba risasi 60 kila mmoja, ukifyatua mfululizo ni sekunde chache tu umebaki mikono mitupu. Inabidi utue, ujaziwe, upae tena. Na sitaha ni uwanja mmoja. Ndege zikiwa zinatua, huwezi kupanga nyingine nyuma yake. Kupandisha ndege za mashambulizi kwa lifti kutoka ghalani, kuzipanga, kupasha injini moto, ni kazi ya zaidi ya nusu saa. Hiyo nusu saa hawakuipata asubuhi nzima.

Kwa hiyo ndege za mashambulizi zilikuwa chini, ghalani, zimejazwa mafuta, na mabomu yaliyovuliwa kwa haraka yamelala pembeni bila kurudishwa stoo. Maghala ya Kijapani yalizibwa pande zote. Ya Marekani yalikuwa wazi ubavuni, moto ukianza watu wanasukuma vitu baharini. Akagi ilipigwa sawasawa na bomu moja tu. Moja! Likapenya mpaka ghalani, yaliyobaki yakafanywa na shehena yake yenyewe. Jamani, mwandishi unawezaje kuwa na hiki mkononi ukachagua kukopi kile kingine?

Na picha. Kitabu cha kwanza, ukurasa mzima wa picha, maelezo chini yanasema "Akagi ikiwa baharini". Nikaangalia mnara. Uko kulia. Wakuu, mnara wa Akagi ulikuwa kushoto, na kati ya zile nne za Kijapani zilizozama Midway, yaani hizo tatu pamoja na Hiryu, ni Akagi na Hiryu pekee zilizokuwa hivyo. Nikasema labda wamechapa picha kinyume, nikaipeleka mbele ya kioo cha kabati, mwanangu ananishangaa mlangoni. Wapi. Bomba la moshi na mnara viko upande mmoja, wakati Akagi bomba lilikuwa kulia na mnara kushoto. Hata uigeuze mara mia haiwi Akagi. Mhariri alikuwa wapi?

Kitabu cha pili ndiyo balaa. Guadalcanal, kisiwa cha Solomon, Agosti 1942 hadi Februari 1943, miezi sita ya kupigana usiku kwa mizinga na topido, imepewa kurasa kumi na moja. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti, hapo Savo, kisiwa kidogo jirani, Wajapani walizipiga kruza nne (manowari za mizinga), Canberra ya Australia na Astoria, Quincy na Vincennes za Marekani, na zote zikaenda chini. Ramani ipo, ila imetandazwa kurasa mbili na kisiwa cha Savo kimemezwa na gundi ya katikati. Nimekikamua kile kitabu mpaka uti umevunjika, Savo sijaiona. Na hakuna mahali anaposema kwamba katika kampeni ile mabaharia wa Marekani walikufa wengi kuliko wanajeshi wao waliokuwa nchi kavu.

Bado. Kisa cha Kennedy, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na boti yake ya topido PT-109 iliyozamishwa Agosti 1943, kina kurasa nne, mpaka jinsi alivyoogelea. Waliomkuta na kupeleka ujumbe alioukwangua kwenye kifuu cha nazi, wakapita kwa mtumbwi kwenye maji ya Wajapani, wameandikwa "wenyeji wawili". Wana majina: Biuku Gasa na Eroni Kumana. Kurasa nne unashindwa majina mawili?

Cha tatu nikipe haki yake, sura ya nyambizi ni nzuri. Anaeleza Tinosa, nyambizi ya Marekani, Julai 1943, ilivyoisimamisha kabisa meli kubwa ya mafuta ya Kijapani, kisha ikaipiga topido moja baada ya nyingine kwa pembe safi, zikagonga na kunyamaza, mpaka nahodha akabakiza moja arudi nayo bandarini kama ushahidi. Nilisoma nimesimama jikoni, chai ikapoa.

Lakini huyohuyo, Aprili 1942 ameipitisha kwa sentensi moja: "baada ya operesheni fupi katika Bahari ya Hindi". Fupi! Akagi, Soryu na Hiryu hizohizo zilipiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, bandari za Sri Lanka, zikazamisha manowari za Waingereza Hermes, Cornwall na Dorsetshire, na Waingereza wakahamishia kituo cha manowari zao Kilindini, Mombasa. Wasomaji wao wa siri za redio za Wajapani wakafungua kazi ndani ya shule ya Allidina Visram. Miezi miwili baadaye manowari hizo tatu ziko chini ya Pasifiki. Kwa msomaji wa pwani hii hapo ndipo vita vile vilipogusa ukuta wa nyumba yetu, yeye anaita operesheni fupi.

Wale mtakaokuja na "andika chako basi", nawaona, kaeni. Mimi ni mteja, nimelipa.

Mwenye kitabu cha Guadalcanal chenye ramani inayosomeka, naomba apige picha ukurasa wa Savo auweke hapa. Nikiiona Savo nzima, ndipo nitamtafuta binamu.