Mrejesho: Jinsi watoto wetu walivyoshinda kambini bila kuchoka
Niliwauliza namna ya kuwashughulisha watoto wa miaka 3 na 6 kambini bila kuwapa simu, nami narudi na mrejesho baada ya kulala hemani kwa siku 2. Ushauri uliotufaa kuliko wote ni ule wa kuwapa kazi za kweli: mkubwa alipigilia vigingi vya hema pamoja na baba yake, huku mdogo akikusanya vijiti vya kuwashia moto, akivipanga juu ya jiwe kuanzia kifupi hadi kirefu na kukataa katakata visiguswe na mtu. Kila mmoja alivaa filimbi shingoni, akijua kwamba akipotea abaki palepale alipo na kuipuliza mara 3, ambayo ni ishara ya kuomba msaada. Midoli tuliyobeba haikutolewa hata mkobani. Giza ndilo lililonitia wasiwasi, kwa kuwa mdogo huliogopa hata nyumbani. Lakini alipokabidhiwa tochi yake mwenyewe na kuonyeshwa jinsi vidole viwili vinavyotoa kivuli cha sungura kwenye hema, alicheka mpaka usingizi ukamchukua. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.