Kuhamisha azalea za asili zilizokomaa, Georgia

Swali: Wakuu, kiwanja hapa jimbo la Georgia, Marekani, kinakaribia kusafishwa kwa ujenzi, na kina azalea za asili (vichaka vya maua vya porini) za mita 2. Mwenye ardhi ameniruhusu kuchimba. Nianze lini, na donge la udongo wenye mizizi liwe la ukubwa gani?

Jibu 1: Zifunge utepe zikichanua, Machi hadi Aprili, kwa sababu hupukutisha majani, na wakati wa baridi utazichanganya na vichaka vingine. Chimba Novemba hadi Februari. Mizizi haizami, kwa hiyo donge liwe pana: sentimita 60 hadi 90, kina 30 tu. Kisha kata matawi yabaki sentimita 30. Inauma, najua, ila mizizi iliyosalia haiwezi kunywesha kichaka kizima. Usitegemee maua masika yanayofuata.

Jibu 2: Wengi huziua kwa kuzifukia mno. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa huko hutuamisha maji, mizizi ikaoza. Acha donge lichomoze sentimita 5 juu ya ardhi, uchanganye udongo na magome ya msonobari yaliyosagwa, uwe na asidi, pH 4.5 hadi 5.5. Tandaza juu majani membamba ya msonobari (sindano), zisiguse shina. Mbolea hapana, mwaka mzima. Maji ndiyo, hasa kiangazi cha kwanza.

Jibu 3: Ruhusa iwe ya maandishi. Na misitu ya taifa usiiguse bila kibali.