Binti amekubaliwa Howard, Morgan State na North Carolina A&T: mliosoma huko tusaidieni kulinganisha

Mama wa Frederick
Wakuu, habari za jioni. Binti yetu mkubwa anamaliza sekondari hapa mjini Frederick, Maryland na barua tatu za kukubaliwa zimeshafika: Howard, Morgan State na North Carolina A&T. Anataka uhandisi wa ujenzi. Vyote vitatu ni vyuo vya kihistoria vya Weusi, yaani vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, na amevichagua mwenyewe. Baba yake hapingi, ila anauliza: sisi tumetoka Tanga, kwetu kila mtu ni Mweusi, sasa mtoto anakwenda kutafuta nini huko? Binti akamjibu kwamba kwenye madarasa ya hesabu za juu amekuwa Mweusi peke yake miaka yote, na kila ikitajwa Afrika watu wote wanageuka kumtazama yeye. Baba mtu akanyamaza.

Tovuti za vyuo tumezisoma zote. Nawaomba mliosoma huko mseme mnachokikumbuka: walimu, maisha, pesa. Jibu linatakiwa kabla ya tarehe 1 Mei.

Mhitimu wa Howard
Dada, hongera kwa malezi. Nilifika Howard nikitokea Dar moja kwa moja, nikasoma uchumi. Pale katikati ya chuo kuna uwanja wa majani tunaouita The Yard. Siku ya Ijumaa mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, chuo kizima kinahamia pale, watu wamevaa kama wanakwenda harusini. Vile vyama vya kindugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki navyo vinacheza ngoma zao. Vitano kati ya tisa vikubwa vya Weusi vilizaliwa Howard, kuanzia Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, kwa hiyo wanacheza kama watu walio kwao.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni maktaba ya Founders, ile yenye mnara wa saa. Ndani yake kuna hazina ya nyaraka za historia ya Weusi iitwayo Moorland-Spingarn. Mwalimu wetu wa historia alitupeleka tukafunuliwa magazeti ya Weusi ya karne ya 19. Nilisimama nasoma watu wakibishana juu ya haki, elimu na kurudi Afrika, zaidi ya miaka mia kabla TANU haijazaliwa. Nilikuwa nimelelewa nikidhani habari za Wamarekani Weusi zinaanza na Martin Luther King. Tangu siku ile niliacha kuwaonea huruma wenzangu wa Chicago na Detroit, nikaanza kuwauliza maswali.

Chumba kimoja mnakaa mtu wa Trinidad, wa Lagos, wa Atlanta na wewe. Mnabishana dini, chakula, siasa, hadi usiku wa manane. Tena Kiswahili kinafundishwa pale, na Wamarekani walikuwa wakinigongea mlango na daftari zao za ngeli. Kwa uhandisi binti atakuwa Washington, karibu na ofisi za serikali na kampuni kubwa, kwa hiyo nafasi za mafunzo kazini hazikosekani.

Upande mgumu ni pesa, maana ni chuo binafsi. Na suala la mabweni lichunguzeni vizuri. Mwaka 2021 wanafunzi walikaa ndani ya jengo la Blackburn zaidi ya mwezi mzima wakidai makazi bora. Ulizeni nini kimefanyika tangu hapo.

Mwana wa Baltimore
Mama, salamu kutoka Baltimore. Nyumbani ni Nakuru. Nitakuwa wazi: ninyi ni wakazi wa Maryland, na Morgan ni chuo cha jimbo. Binti atalipa ada ya mkazi. Fanyeni hesabu ya miaka minne kabla moyo haujaamua.

Najua watu wengine watasema majengo ya Howard yana jina zaidi. Lakini ujue kwa nini Morgan ilibaki nyuma kwa miaka. Jimbo lilikuwa likianzisha kozi zilezile za Morgan kwenye vyuo jirani vya Wazungu, wanafunzi wanahama, kisha bajeti inakwenda huko. Wahitimu na marafiki wa vyuo vya Weusi wakaenda mahakamani mwaka 2006. Kesi ikavutana hadi 2021, jimbo likakubali kutoa dola milioni 577 kwa vyuo vinne vya Weusi vya Maryland, Morgan ikiwa mmojawapo. Mwaka 2020 tajiri mfadhili MacKenzie Scott alishaipa Morgan dola milioni 40. Mtoto wako anaingia wakati ambapo pesa iliyodaiwa na wazee wetu inaanza kuonekana.

Kumbukumbu zangu? Kwaya. Niliimba besi enzi za Nathan Carter, aliyeiongoza tangu 1970 hadi kifo chake mwaka 2004. Mimi nimekulia kwenye kwaya ya kanisa la PCEA kule Kenya, nikadhani najua kuimba. Pale nilijifunza nyimbo za watumwa kutoka kwa watu ambao mabibi wa mabibi zao ndio waliozitunga shambani, na huwezi kuziimba kwa kuangalia noti peke yake. Tulipoimba makanisani mjini, akina mama wa kanisa walikuwa wakigawana wanafunzi wa Kiafrika ili Novemba, sikukuu ya kushukuru, asibaki mtu bwenini. Nilikula makaroni ya jibini na mboga za koladi zilizopikwa na nyama ya moshi, sukuma wiki kabisa ila imechemshwa nusu siku. Yule mama aliyenichukua mwaka wa kwanza alinichukua hadi nilipohitimu, na alikaa kiti cha mbele siku ya mahafali pamoja na wazazi wangu.

Jambo jingine: wa A&T, kule Greensboro, wakija hapa watakwambia wao ndio walioanza kuketi kwa kugoma kwenye mikahawa iliyokataa kuwahudumia Weusi. Wanafunzi wa Morgan walikaa Read's, duka la dawa la Baltimore, Januari 1955. Miaka mitano kabla.

Aggie wa Njombe
Nimekuja (Aggie ndiyo jina letu sisi wa A&T), kaka wa Baltimore, na sitabishana na tarehe zako. Ila tarehe 1 Februari 1960 ndiyo iliyowasha moto nchi nzima. Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, wote wa mwaka wa kwanza A&T, walikwenda kuketi kwenye mkahawa wa duka la Woolworth mjini Greensboro, wakanyimwa huduma, wakarudi kesho yake na wenzao. Dada zetu wa chuo cha Bennett walikuwamo pia, na mara nyingi husahauliwa. Sanamu ya wale vijana wanne imesimama ndani ya chuo. Asubuhi ya mtihani unaipita ukiwa na usingizi na kikokotoo mkononi, na unajua hawa walikuwa na mitihani yao pia.

Sasa uhandisi, maana hilo ndilo alilouliza mama. Nilisoma fani hiyohiyo ya ujenzi. A&T ndiyo inayoongoza Marekani kwa kutoa wahandisi Weusi, na unalihisi jambo hilo darasani. Madarasa yangu mengi yalikuwa jengo la McNair, lililopewa jina la Ronald McNair, aliyehitimu fizikia pale mwaka 1971 na kufa ndani ya chombo cha Challenger mwaka 1986. Kule alikosoma mdogo wangu, chuo kikubwa cha jimbo jingine, alikuwa Mweusi pekee kwenye kundi lake la maabara na kazi yake ikawa kuandika vipimo vya wenzake. Mimi nilishika mashine mwenyewe tangu muhula wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyeshangaa kuniona.

Nilikuwa naosha vyombo bwaloni. Mwalimu wetu wa miundo aliniona nasinzia darasani, akaniita ofisini, akauliza nafanya kazi wapi na saa ngapi. Hakunifokea. Wiki iliyofuata alikuwa amenitafutia kazi kwenye maabara ya zege, kuvunja mitungi ya majaribio na kuandika imehimili uzito gani. Mshahara ulikuwa uleule, ila sasa nalipwa kwa kujifunza. Kila mhitimu wa A&T ninayemjua ana mwalimu wa namna hiyo.

Na Oktoba, wiki ya wahitimu kurudi chuoni! Barabara zinafungwa, bendi inapita na matarumbeta, wazee wa miaka ya 60 wamevaa bluu na dhahabu. Kila idara ina hema lake na moshi wa nyama. Kazi yangu ya kwanza ilitoka kwenye hema la wahandisi: mzee mmoja aliniuliza ninasoma nini, akanipa namba yake, akapokea nilipopiga.

Kasoro kwenu ni kwamba mtalipa ada ya mtu wa nje ya jimbo.

Mhitimu wa Howard
Kwa kuwa tunataja miaka: mwaka 1943 Pauli Murray alikuwa anasoma sheria Howard, na wanafunzi wenzake wakakaa kwenye mkahawa wa Little Palace mjini Washington hadi wakahudumiwa. Binti popote aendapo kati ya hapa patatu atakuta kiti ambacho kuna aliyekikalia kwa ajili yake.

Mama wa Frederick
Nimewasomea wote nyumbani kwa sauti. Baba yake ana maswali mawili. Je, waajiri wanaviheshimu hivi vyuo? Na je, Wamarekani Weusi watampokea mtoto wa Kiafrika, au atakuwa mgeni tena kwa namna nyingine?

Msomi wa Kusini
Niseme na upande usiopendeza. Chuo changu sikitaji. Ofisi ya fedha ilipoteza karatasi zangu, nikasimama foleni siku nzima kuthibitisha kwamba nimelipa, na bweni langu lilikuwa na joto la tanuri mwezi Agosti. Vyuo vingi vya Weusi vimenyimwa pesa tangu kuanzishwa na mwanafunzi huonja hilo. Mwambieni binti atunze nakala ya kila karatasi.

Kuhusu kupokewa: wengine waliniuliza mambo ya kipuuzi kuhusu simba. Lakini na sisi tunatoka nyumbani tumeshajazwa maneno, kwamba Wamarekani Weusi ni wavivu, ni wahalifu. Miezi michache ya kusoma pamoja usiku na kula sahani moja huyaondoa maneno hayo pande zote mbili. Aliyenisimamia harusi yangu anatoka Mississippi.

Mama Daktari, Bukavu–Houston
Kama kungekuwa na mdogo wake anayetaka udaktari, ningesema Xavier ya New Orleans bila kufikiri. Chuo kidogo cha Kikatoliki, cha mwaka 1925, na kinapeleka Weusi wengi mno kwenye shule za udaktari. Mwanangu alipita huko na sasa anavaa koti jeupe. Lakini kwa ujenzi, wasikilizeni hao wengine.

Mzee wa Kiambu
Mwambie baba mtoto kwamba njia hii watu wetu waliipita zamani. Mbiyu Koinange alifika chuo cha Weusi cha Hampton, Virginia, mwaka 1927, na aliporudi Kenya ndiye aliyeongoza chuo cha ualimu cha Githunguri, shule ya Waafrika waliojichangia wenyewe. Tom Mboya alitunukiwa shahada ya heshima na Howard mwaka 1959, mwaka uleule ndege ya kwanza ya wanafunzi wetu 81 ilipotua Marekani. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria walisoma chuo cha Weusi cha Lincoln, Pennsylvania. Hawa walikwenda kwa Weusi wa Marekani kwa sababu huko kulikuwa na vyuo vya watu Weusi.

Aggie wa Njombe
Ahsante, mzee wangu. Kwa swali la waajiri, mama, kwa uhandisi kinachoangaliwa kwanza ni ithibati ya ABET, shirika linalokagua ubora wa kozi za uhandisi. Thibitisheni kwamba fani yenyewe, ujenzi hasa, inayo katika kila chuo. Kisha mpigieni simu mkuu wa idara, awatajie kampuni zilizokuja kuajiri mwaka huu na wanafunzi wangapi wa mwaka wa tatu walipata mafunzo ya kiangazi. Akitoa majina bila kusita, hiyo ni dalili nzuri.

Halafu barua za ufadhili. Msiangalie kiasi cha mwaka wa kwanza peke yake. Someni masharti: unatolewa miaka mingapi, na wastani wa alama ukishuka kiasi gani unaondolewa, maana mwaka wa pili wa uhandisi ndio unaowakata wengi. Kama Howard wamempa kidogo, andikeni barua ya kuomba waongeze na mwambatanishe ile ya Morgan. Fanyeni hivyo wiki hii, ofisi hizo hujaa karibu na Mei.