Naomba ushauri: artane inauzwa selo, na sindano zinapitiliza

Habari za kazi wakuu. Naongoza timu ndogo ya afya ya akili gerezani hapa Dar: daktari mmoja, wauguzi wawili, ofisa ustawi mmoja. Wagonjwa wengi ni mahabusu, wako kwenye sindano ya fluphenazine decanoate (dawa ya saikosisi inayokaa mwilini wiki kadhaa) 25 mg kila wiki 4, na vidonge vya artane 5 mg kwa ajili ya misuli kukakamaa kutokana na sindano hiyo.

Hiyo artane ndiyo inatuumiza kichwa. Mtu anaificha chini ya ulimi, jioni imeshabadilishwa kwa sigara. Tumejaribu kuisaga kwenye maji na kukagua mdomo. Imepungua, ila foleni inakula saa 2 nzima na askari wanachoka (siwalaumu). Sindano tumezihamishia Jumamosi, maana siku za kazi wanapelekwa mahakamani.

Aliyekaa miezi 3 bila kukakamaa, mnampunguzia artane kwa hatua zipi? Na mahabusu akiachiwa huko huko mahakamani, kwenu nani humkabidhi barua ya kliniki yenye tarehe ya sindano ijayo? Sisi tunagundua Jumamosi, jina linaitwa na hakuna anayeitika.