Yule fundi wa pampu mbili, Mungu anamwona

Mnamjua. Kofia nyekundu, anaongea na simu mdomoni ana chapati. Simtaji, msije mkasema nimemchafulia.

Nilitaka tangi la kambare juu, la kuchujia chini, maji yazunguke. Kaleta pampu mbili, moja ipandishe, nyingine irudishe. "Zote lita elfu tatu, mama, zitalingana." Zilingane! Mapacha wenyewe hawalingani. Moja inapanda mita mbili, nyingine inateremka tu. La juu likakauka, la chini likafurika. Akabana koki jioni nzima, akachora alama kwa biki: "Hapo, usiguse hata kwa maombi."

Saa nane usiku chakula kikaziba ile ya kurudisha. Naamka, sebule ni Nalubaale, Ziwa Victoria lenyewe, kambare yuko chini ya kochi.

Asubuhi akaja, akavua viatu, akasimama kwenye maji, sebuleni KWANGU, akacheka: "Sasa si umepata bwawa la pili bure?"

BURE. Laki nne nimemlipa. Kavua viatu kabisa, halafu BURE.

Mjomba_Jinja: Pole dada. Ila pampu mbili hazilingani hata umwite askofu. Weka moja, ya kupandisha. Kurudi, toboa tangi karibu na ukingo, tia bomba nene kuliko la kupandishia, maji yajishukie. Yakipanda mengi yanashuka mengi. Na koki ibane baada ya pampu, usiibane kule inakovuta.

Mwenye uzi: Mjomba, sijaomba darasa. Amesema BURE.

Nyanya_Tatu: Huyo kambare wa kochini bado yupo? Mafuta ninayo, nakuja na boda.

Mwenye uzi: Mzima, kambare anavuta hewa. Ananitazama kama ananidai.

Ssebo_Mpole: Kofia nyekundu?? Kwangu mdomo wa bomba aliuzamisha tangini. Umeme ulipokatika maji yakajivuta yote kurudi chini. Katundu kamoja tu juu ya usawa wa maji kangevunja huo mvuto. Akaniambia nilaumu umeme.

Jirani_wa_Juu: Mimi alinifungia antena. Napata picha nikishika friji.

Mama_Pacha: Mapacha wamekukosea nini wewe? Na bora mna maji ya kumwagika. Huku kwetu mlimani bomba linakohoa tu, siku ya nne, jerikeni elfu moja.

Nyanya_Tatu: Elfu?! Kwetu mia tano, na kijana anakupandishia ngazi.

Mwenye uzi: Jamani, alivua VIATU.

Mama_Pacha: Nyanya, nitumie namba ya huyo kijana.